Kumtambua Ndege Tumsikiaye Bila Kumjua

Jioni hii hatutazungumza habari za bei ya kahawa wala za chanjo ya mbwa, ingawa hayo nayo yana siku yake. Twataka kuzungumza habari za ndege mmoja ambaye watu wengi wa Ngara na Biharamulo wamemsikia tangu utoto, wachache wamepata kumwona, na wachache zaidi waweza kumnyoshea kidole wakasema, "Ndiye huyu." Kwa kuwa hatuwezi kumleta hapa mbele ya kipaza sauti, tutaeleza jinsi sisi wenyewe tulivyomtambua, pamoja na kosa tulilolifanya njiani. Kosa hilo hatulifichi, kwa maana ni sehemu ya habari yenyewe.

Chuo chetu cha ualimu ki ubavuni mwa kilima, na chini yake hupita kijito chenye vichaka kandokando yake, kisha migomba na mibuni ya majirani. Kila siku, kabla ya kengele ya kuamka, wakati ambapo mtu hawezi bado kuona mistari ya kiganja chake, sauti hutoka katika vichaka vile. Huanza chini kabisa, kama mtu asemaye peke yake, ikirudia neno lile lile. Na kila irudiapo hupanda, hata mwisho bonde zima limejaa. Kisha hukoma ghafula. Jioni, taa zikiisha kuwashwa, huanza tena, na usiku wa mbalamwezi huweza kusikika hata watu wakiwa wamekwisha kulala.

Kwa miaka kadhaa tuliisikia hivyo bila kuuliza. Lakini mwaka mmoja, mvua za vuli zilipokuwa ndiyo kwanza zimeanza, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza alitujia akasema, "Mwalimu, kuna ndege aimbaye usiku karibu na bweni letu. Wenzangu wasema ni mkosi, nao wataka kuhamisha vitanda vya upande ule." Tulicheka. Baadaye tukaona haya kwa kucheka kwetu, kwa sababu alipotuuliza, "Basi ni ndege gani?" hatukuwa na jawabu. Mwalimu aweza kuwatajia watoto mji mkuu wa Brazili bila kusita, naye asijue jina la kiumbe amwamshaye kila siku ya Mungu!

Tukamwendea mlinzi wa chuo, mzee aliyeishi katika bonde lile kuliko sisi sote.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, walimu wangu. Mbona mapema?"

Tukamweleza. Mzee akatikisa kichwa. "Huyo si mkosi. Kama mwatafuta mkosi, kamwulizeni bundi. Huyu huniambia mimi kwamba zamu yangu i karibu kwisha. Lakini sura yake, wanangu, sikuiona vema hata leo. Aimbapo ni giza, na kukipambazuka mimi nakwenda kulala."

Neno lile la mzee lilikuwa na maana kuliko tulivyodhani. Ndege wengi waimbao vizuri si wagumu kutambulika kwa sababu ni adimu. Ni wagumu kwa sababu saa ya sauti yao siyo saa ya macho yetu. Hivyo sikio hujua jambo moja na jicho hujua jingine, wala havikutani.

Darasani mambo yakawa moto. Wanafunzi watokao Biharamulo wakasema, "Sisi twamjua. Ana mstari mweupe juu ya jicho. Kidari chake kina michirizi. Hupandisha mkia na kuutandaza kama kipepeo cha kupepea moto. Twamwona kwetu porini, njia ya Lusahunga, katika miiba." Wale wa Ngara wakapinga: "La, huyu hakai miibani. Yuko mabondeni, chini ya migomba. Mstari mweupe anao, ndiyo, lakini tumbo lake ni rangi ya chungwa." Kila upande ulikuwa na mashahidi wake, na kila shahidi alikuwa ameona kweli. Jambo moja tu walipatana, nalo ni ule mstari mweupe.

Ndipo kijana mmoja, hodari wa manati, aliposema, "Mwalimu, niruhusuni. Nitamleta mkononi, mabishano yaishe."

Hatukukataa. Tulijiambia kwamba wataalamu wa zamani walifanya vivyo hivyo, na ni kweli walifanya. Ngozi za ndege zilizojazwa pamba zimo hata leo katika majumba ya makumbusho ya Uingereza na Ujerumani, na kutokana na ngozi kama hizo ndege wetu wengi walipewa majina yao ya kisayansi. Basi tukaona kwamba kilichowafaa wakubwa hakiwezi kuwa kibaya kwetu.

Asubuhi ya tatu kijana akaja amemshika ndege mguu, kichwa kikining'inia. Tukamlaza juu ya meza, tukachukua rula. Tangu ncha ya mdomo hata ncha ya mkia alipata karibu sentimita 20, yaani pungufu kidogo ya shubiri ya mtu mzima. Kichwa kilikuwa cheusi, na juu ya jicho ulipita mstari mweupe safi, ulioanzia karibu na mdomo ukaenda nyuma hata kisogoni. Koo, kidari na tumbo vilikuwa vya rangi ya chungwa lililoiva sana. Mgongo ulikuwa wa rangi ya majivu iliyochanganyika na ukijani kidogo. Mkia tulipoutandaza kwa vidole, manyoya ya katikati yalikuwa ya hudhurungi, na ya pembeni yote rangi ya chungwa. Hapakuwa na mchirizi hata mmoja kidarini. Wanafunzi wa Ngara wakapiga makofi.

Tukafungua kitabu cha ndege tukamwona mara moja. Wataalamu humwita Cossypha heuglini. Jina hilo alipewa mwaka 1866 na Gustav Hartlaub, Mjerumani, kwa heshima ya Mjerumani mwingine, Theodor von Heuglin, aliyezunguka sana katika nchi za mto Nile na kufa mwaka 1876. Kwa Kiswahili, vitabu vya siku hizi huwaita ndege wa jamaa hii kurumbiza. Kwa hiyo twaweza kumwita kurumbiza mwenye nyusi nyeupe, nasi tutamwita hivyo jioni hii. Kila mmoja wenu ana jina lake kwa lugha ya nyumbani, la Kihangaza, la Kishubi, la Kizinza au la Kihaya, na jina hilo lastahili kuandikwa mbele ya lile la Hartlaub, maana ndilo lililotangulia.

Tukaandika yote katika daftari, tukaona kazi imekwisha. Jioni ile, kwa furaha ya ushindi, tukashuka kijitoni kusimama mahali tulipozoea kumsikia.

Akaimba.

Tukatazamana. Ndege tuliyempima asubuhi alikuwa amezikwa nyuma ya jiko, na sauti ilikuwa ile ile, ikianza chini na kupanda. Kijana wa manati ndiye wa kwanza kusema, "Mwalimu, si ile yote." Akasema kweli. Sauti ilipofika kileleni, palikuwa na pengo. Siku zote, katika kilele kile, ulikuwa ukisikika mluzi mwembamba, mrefu, ulionyoka kama uzi, juu ya zile nyingine. Hatukuwa tumeutilia maanani hata siku moja. Tulidhani ni sehemu ya wimbo wa ndege yule yule. Tulitambua kwamba ulikuwapo siku ile tu ulipokosekana.

Wasikilizaji, tulikuwa tumesikiliza ndege wawili tukahesabu mmoja.

Kurumbiza mwenye nyusi nyeupe hukaa jozi, dume na jike, na rangi zao ni sawa, hata mtu akiwatazama hawezi kuwatenga. Waimbapo huimbiana. Dume hurudia maneno yake yenye nguvu, na jike, yakikaribia kilele, hutia mluzi wake wa juu, kwa kipimo kilicho sawa hata sikio la mtu hulisikia kuwa neno moja. Wachunguzi wa Ujerumani, Dietmar Todt na Henrike Hultsch, waliuchunguza sana uimbaji huu wa wawili katika ndege huyu huyu. Nao uimbaji wenyewe una kazi: kwa huo jozi huwaambia majirani kwamba kichaka hiki kina wenyewe, na kwamba wenyewe ni wawili, hawakugawanyika.

Wala siye peke yake aimbaye hivyo katika wilaya zetu. Yuko ndege wa jamaa ya tiva, mweusi juu, mweupe chini, mwenye mstari mweupe ubawani, ajifichaye katika vichaka vizito. Sauti yake ni kama kengele mbili tatu zilizogongwa, na mara nyingi kengele ya kwanza hugongwa na ndege mmoja na ya pili na mwenziwe. Mwingereza William Thorpe wa Chuo Kikuu cha Cambridge aliandika mwaka 1963 jinsi tiva wa Afrika ya Mashariki wanavyojibizana upesi kuliko mtu awezavyo kupokea neno la mwenziwe. Na kabla yake Myles North, aliyekuwa mtumishi wa serikali katika Kenya, alikuwa akizunguka porini na mashine ya kunasia sauti. Mwaka 1958 ilitolewa sahani ya santuri ya sauti za ndege wa Afrika alizozinasa. Twamtaja kwa sababu yeye, tofauti na wale wa makabati, aliwarudisha ndege wake nyumbani wakiwa wazima.

Sasa turudi kijitoni. Kwa kuwa mluzi mwembamba ndio uliokosekana, yaelekea aliyeuawa alikuwa jike. Dume akaendelea kuimba. Hatusemi kwamba alimlilia mwenziwe, maana hayo ni maneno ya watu kuyatia kinywani mwa ndege. Ndege dume akibaki peke yake hutangaza kwamba eneo ni lake na kwamba nafasi ya mke i wazi. Lakini aliimba sana. Aliimba hata adhuhuri, jambo ambalo hatukulizoea, na mlinzi wetu akatuambia, pasipo kutulaumu, kwamba siku hizi hajui tena zamu yake yaisha lini.

Kijana wa manati hakuulizwa neno na mtu. Alikuja mwenyewe akaomba kushika daftari. Tukampa.

Tangu siku ile tulibadili njia yetu, na ndiyo tutakayo kuwaeleza ninyi, hasa walimu wa shule za vijijini na wanafunzi wenye macho mazuri. Haihitaji darubini, ingawa aliye nayo ana bahati. Yahitaji daftari, kalamu ya risasi isiyotoka wino wakati wa mvua, na matako yasiyochoka kukaa.

Kwanza andika mahali na saa kabla hujamwona ndege. Wengi hulidharau jambo hili. Kurumbiza wetu ni ndege wa vichaka vizito karibu na maji, wa kandokando ya mito, wa bustani na migomba. Hushuka chini kurukaruka katika majani makavu, akiyafukua kutafuta mende, buibui na viwavi; na siafu wapitapo huja haraka kuwanasa wadudu wanaokimbia mbele yao. Kwa hiyo mtu aketi mahali aonapo ardhi chini ya kichaka, wala asitazame matawi ya juu. Wakati mzuri ni ule mfupi, nusu saa hivi, baada ya kupambazuka, ambapo ndege bado aimba na jicho limekwisha kupata nuru. Huko ndiko sikio na jicho hukutana.

Ukubwa usipime kwa kukisia sentimita, maana kila mtu ana sentimita zake. Sema, "Ni mkubwa kuliko shomoro," au "Ni sawa na shore," yule mwenye kichwa cheusi na manjano chini ya mkia ambaye kila mtoto amjua kwa kula mapapai. Kurumbiza wetu ni sawa na shore. Kisha tazama kwa taratibu ile ile siku zote: kichwa, koo, kidari, tumbo, mgongo, ubawa, mkia. Usianze na kile kilichokupendeza. Sisi tulipendezwa na mstari mweupe, na mstari mweupe karibu ututie fitina.

Maana, wasikilizaji, wale wanafunzi wa Biharamulo hawakuwa waongo. Wakati wa likizo wawili wao walikwenda kukaa porini kwao asubuhi nne, wakarudi na maelezo mazuri kuliko yetu ya mezani. Ndege wao alikuwa mdogo, kama shomoro. Mgongo hudhurungi, kidari cheupe chenye michirizi myeusi, alama nyeupe mbawani, mkia wa rangi ya kutu ulioishia kwa weusi na ncha nyeupe. Tena aliuinua na kuutandaza kila atuapo, kama walivyosema tangu mwanzo. Huyo ni ndege mwingine, wa pori kavu na miiba. Jina lake la kisayansi lina neno leucophrys, ambalo kwa Kiyunani maana yake ni "mwenye nyusi nyeupe." Kumbe hata wataalamu walimwita kwa alama ile ile iliyotugombanisha sisi! Ngara na Biharamulo wote walikuwa na haki, kila mmoja na ndege wake, na darasa lilibishana wiki mbili juu ya swali lisilokuwapo.

Wako na wengine wa kuangaliwa. Katika misitu na bustani za pande za Ziwa Viktoria yuko kurumbiza mwenye utosi mweupe na uso mweusi. Yeye weupe wake hukaa juu ya kichwa kama kofia, si juu ya jicho. Huyo ni fundi wa kuiga sauti za ndege wengine, kwa hiyo msikilizaji aweza kudanganywa naye mara tatu katika dakika moja. Na msikilizaji wetu wa Arusha au wa Nairobi ambaye amekuwa akitikisa kichwa muda huu wote, akisema kwamba amjua huyu ndege, na atazame mkia: milimani kwao yuko ndugu afananaye naye sana, lakini manyoya ya katikati ya mkia wake ni meusi.

Sasa sauti, ambayo ndiyo kazi ngumu, na hapa msomaji wa kitabu atatusamehe, maana mluzi hauandikiki. Usiandike, "Aimba vizuri." Ndege wote huimba vizuri kwa apendaye. Andika jinsi inavyoanza, ikiwa juu au chini. Kama hupanda, hushuka au husimama mahali pamoja. Neno lirudiwalo lina vipande vingapi. Na jinsi inavyokoma. Watu wetu tangu zamani walijua njia nzuri ya kushika haya yote kwa pamoja, nayo ni kumtilia ndege maneno. Wanafunzi wetu walimtilia kurumbiza neno "kumekucha." Jaribuni: anzeni kwa kunong'ona, kumekucha, kumekucha, kumekucha, kila mara kwa nguvu zaidi, mpaka mtu wa nyumba ya pili aamke. Ndivyo alivyo. Kisha, karibu na mwisho, mwenzako atie mluzi mwembamba, siiii, asikatize. Mkifanya hivyo wawili mtaelewa kwa nini tulidanganyika.

Na sikiliza ukiwa umesogea. Jambo hili lingalituokoa. Mtu akisimama mahali pamoja, sauti mbili zitokazo upande mmoja huwa moja. Akienda hatua thelathini kando, husikia kwamba "kumekucha" yatoka kwenye mgomba na "siiii" yatoka ng'ambo ya maji. Afadhali zaidi wakae wasikilizaji wawili mbalimbali, kila mmoja anyoshe mkono kuelekea sauti aisikiayo. Mikono hiyo ingalitosha. Manati hayakuwa na kazi.

Vijana watasema, "Siku hizi tuna simu ziwezazo kunasa sauti." Vema, naseni. Sauti iliyonaswa humwezesha mwalimu wa mbali kusaidia, na kuna programu za simu zijaribuzo kutaja ndege kwa sauti. Mzisikilize kama mnavyomsikiliza mtu mjuzi ambaye hakuwapo: atoe shauri, macho yenu yatoe hukumu. Lakini msimchezee ndege sauti yake tena na tena ili atokeze. Yeye hudhani dume mgeni ameingia kwake, huacha chakula na kiota kuja kupigana na simu.

Tumetaja kiota, na hapo pana mtego mwingine. Kurumbiza hujenga kikombe cha majani na mizizi katika kisiki kilichooza, au penye panda ya mti, au ukingoni mwa udongo, akataga mayai mawili au matatu. Mwanafunzi mmoja alileta habari kwamba amemwona kurumbiza akilisha mtoto mkubwa kuliko yeye mwenyewe, mweusi mgongoni, mwenye mistari ya kukingama tumboni. Wenzake wakamcheka, naye hakuwa amekosea. Yuko kekeo mwenye kifua chekundu, yule ambaye mvua zikikaribia hurudia vipande vitatu vya sauti vishukavyo kama ngazi, kutwa kucha, mpaka mkulima achukue jembe. Kekeo huyo hajengi. Hutaga yai katika kiota cha wenziwe, hasa jamaa ya kurumbiza, na kifaranga chake kikianguliwa huyasukuma nje mayai ya mwenye nyumba. Basi usiandike kwamba mtoto wa kurumbiza ni mweusi mwenye mistari. Mtoto wake halisi ana madoadoa, na mkia wa rangi ya chungwa kama wa wazazi.

Mwanafunzi atokaye Kasulo alituletea habari ya namna nyingine. Wasikilizaji wa Ngara hawakusahau mwaka 1994, wakimbizi wa Rwanda walipovuka daraja la Rusumo mwishoni mwa Aprili, wapatao robo milioni katika muda wa kama siku moja, wakapiga kambi Benaco. Watu wengi namna ile hawana budi kupika, na kupika kwataka kuni. Miti ya vilima vya jirani ilikatwa sana kabla kambi hazijafungwa Desemba 1996. Kijana huyu alikwenda kusikiliza kwao kwa saa zile zile zetu. Juu ya mlima wa nyasi tupu hakumsikia kurumbiza hata mara moja. Chini bondeni, penye maji na vichaka, akasikia jozi mbili. Tuliyaandika yote mawili. Mahali asipoimba ndege ni habari pia, mradi msikilizaji amekwenda kwa saa ile ile na kukaa muda ule ule.

Daftari letu sasa lina kurasa nyingi, na hati ya kijana wa manati, ambayo si nzuri, ndiyo iliyojaa humo. Kwa wiki kadhaa aliandika kila alfajiri neno lile lile: "Dume, peke yake." Siku nyingine aliandika tu, "Vivyo hivyo." Yeye alikuwa na desturi ya kuandika hali ya hewa kwanza, kama tulivyomfundisha. Ukurasa tuliouleta hapa kuwasomea ni wa Desemba, siku chache kabla ya kufunga chuo kwa Krismasi. Umeandikwa hivi: "Manyunyu. Ukungu bondeni. Saa kumi na moja na dakika ishirini. Kumekucha, kushoto, mgombani. Siiii, kulia, ng'ambo ya maji. Nimesogea hatua thelathini nikasikiliza tena. Wawili."